Pumzi ya Injini na Upepo wa Barabarani

Lita moja ya petroli haiungui peke yake. Ili iungue yote inahitaji karibu kilo 11 za hewa, yaani lita 9,000 hivi. Anayesafiri kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, mwendo wa kilomita zipatazo 190, kwa gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita, atatumia lita 16 za petroli, na injini yake itakuwa imemeza zaidi ya lita 140,000 za hewa. Petroli ameilipia. Hewa hakuilipia, na ndiyo maana ni wachache wanaouliza inaingilia wapi, inafika ikiwa na joto gani, na gari lenyewe kwa umbo na mwendo wake limeifanya nini kabla haijaingia kwenye bomba.

Wanaouliza hukutana haraka na wauzaji. Kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, zipo filta za koni, mabomba ya alumini yanayong'aa na matundu ya plastiki ya kubandika juu ya boneti. Ahadi yake ni moja: upepo unaolipiga gari barabarani utashindiliwa ndani ya injini, na injini itapata nguvu bila turbo. Ahadi hiyo ina chembe ya ukweli, na chembe hiyo inapimika. Naipima hapa kwa sababu naona watu wengi wanalipia msukumo ambao karibu haupo, huku wakiacha ubaridi na usafi wa hewa, ambavyo vipo na vina faida kubwa, vipotee bure.

Tuanze na injini. Pistoni inaposhuka huku vali ya kuingizia hewa ikiwa wazi, nafasi iliyo juu yake hupanuka na shinikizo ndani yake hupungua. Hewa ya nje, ambayo usawa wa bahari ina shinikizo la takriban kilopaskali 101, hujisukuma yenyewe kuingia. Tunasema injini inavuta, lakini anayesukuma ni anga lote lililo juu yetu. Kwa hiyo kiasi cha hewa kinachofika ndani ya silinda kinategemea hali ya hewa pale kwenye mdomo wa bomba, yaani shinikizo lake na joto lake, kisha vizuizi vyote vilivyo njiani: filta, kona za bomba, na kile kibati cha duara ndani ya throto kinachofunguka dereva anapokanyaga pedeli. Umbo la gari na mwendo wake vina usemi pale mdomoni tu.

Na mdomo huo unaweza kuwa mahali pazuri au pabaya, kwa sababu hewa hailipigi gari kila mahali kwa namna moja. Mbele kabisa, katikati ya grili au bampa, kuna eneo ambalo hewa inagonga na kusimama, na mwendo wake wote hugeuka kuwa shinikizo. Kanuni inayoeleza jambo hili ilichapishwa mwaka 1738 na Daniel Bernoulli, mwanahisabati wa Uswisi, katika kitabu chake Hydrodynamica: maji au hewa ikipunguza mwendo shinikizo huongezeka, ikiongeza mwendo shinikizo hupungua. Kutoka kwenye grili hewa hulazimika kukunja kona ili ipande juu ya boneti, na katika kukunja huko huongeza mwendo. Ukingo wa mbele wa boneti, basi, una shinikizo dogo kuliko la hewa tulivu. Hewa ikifika chini ya kioo cha mbele, pale zinapolala waipa, hugonga kioo, hupunguza mwendo na shinikizo hupanda tena. Ndiyo sababu hewa ya abiria katika magari mengi huchukuliwa hapo hapo. Kwenye ukingo wa mbele wa paa shinikizo hushuka, ubavuni hubaki dogo, na ndani ya madigadi mara nyingi ni dogo pia, tena hewa yake imejaa mchanga na maji yanayorushwa na tairi. Nyuma ya gari huachwa eneo la hewa iliyovurugika, lenye shinikizo dogo, linalorudisha vumbi kwenye kioo cha nyuma. Kila aliyepita barabara ya vumbi akiwa ndani ya basi amelishuhudia.

Hapa pana tofauti ambayo wauzaji wa matundu huwa hawaitaji. Tundu bapa, lililokatwa kwenye bati bila kuinuka, hupokea shinikizo la mahali lilipo tu. Likikatwa kwenye ukingo wa mbele wa boneti, hewa ya ndani itatoka nje badala ya ya nje kuingia. Lakini tundu lililoinuka likatazama mbele hukamata na mwendo wa hewa pia, hata kama shinikizo la mahali hapo ni dogo. Sharti lake ni moja: liwe juu ya lile tabaka la hewa lililonata kwenye bati. Hewa inayoteleza juu ya boneti na paa husuguana na bati, ikapoteza mwendo, na tabaka hilo huzidi kunenepa kadiri hewa inavyokwenda nyuma. Tundu fupi la kubandika, lenye kimo cha vidole viwili, linaweza kuwa limezama lote ndani ya tabaka hilo. Nje linaonekana kama domo lililo wazi, ndani halipati kitu.

Sasa tarakimu. Shinikizo la juu kabisa ambalo mwendo wa gari unaweza kuongeza hupatikana kwa kuchukua uzito wa hewa katika mita moja ya ujazo, kilo 1.2 hivi usawa wa bahari, kuugawa kwa mbili, kisha kuuzidisha kwa mwendo, mara mwendo tena. Kwa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria wa mabasi na malori Tanzania na Kenya, jibu ni paskali 300 hivi. Hizo ni sehemu tatu katika elfu moja ya shinikizo la anga. Kwa kilomita 100 kwa saa ni paskali 460, bado chini ya nusu ya asilimia moja. Mwendo ukiongezeka mara mbili shinikizo hili huongezeka mara nne, kwa hiyo kwenye kilomita 200 linafika asilimia 1.8, na kwenye 300 asilimia 4. Injini ya nguvu za farasi 100, gari likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, haitapata hata nusu ya farasi mmoja, na hiyo ni iwapo mdomo umewekwa mahali bora kuliko pote na hakuna kilichopotea kwenye filta wala kwenye kona. Hakuna bomba lisilopoteza.

Kuna jambo jingine linaloipunguza faida hii hadi karibu na sifuri kwa dereva wa kila siku. Gari dogo la petroli likitembea kilomita 80 kwa saa kwenye barabara tambarare halihitaji nguvu nyingi, kwa hiyo throto inakuwa imefungwa sehemu kubwa. Nyuma ya kibati kile, ndani ya manifoldi, shinikizo linaweza kuwa nusu tu ya lile la nje. Dereva anazuia kilopaskali 50 kwa mguu wake mwenyewe. Akiongezewa paskali 300 upande wa nje, atalegeza mguu kidogo sana bila kujijua na mambo yatabaki yalivyokuwa. Msukumo wa upepo huwa na maana pale tu pedeli imekanyagwa hadi mwisho na gari linakwenda kasi sana kwa wakati mmoja. Hali hiyo ni ya viwanja vya mashindano, si ya Barabara ya Mandela wala Thika Road.

Kwenye mashindano, kwa kweli, habari ni nyingine, na historia yake inafundisha. Katika Formula 1 ya miaka ya 1970 timu zilijenga makasha marefu ya hewa juu ya kichwa cha dereva ili kupata hewa isiyovurugwa na tairi wala kofia yake. Ligier JS5 ya Ufaransa iliingia msimu wa 1976 na kasha kubwa kiasi kwamba lilitawala umbo zima la gari. Mwaka huo huo, kuanzia mashindano ya Hispania, makasha marefu yalipigwa marufuku. Miaka 18 baadaye, baada ya vifo vya Roland Ratzenberger na Ayrton Senna huko Imola mwaka 1994, wasimamizi walitafuta njia za haraka za kupunguza kasi ya magari. Mojawapo ilikuwa kuamuru, kuanzia mashindano ya Kanada, kasha la hewa litobolewe nyuma ili shinikizo la upepo lisijikusanye ndani. Kama asilimia nne au tano ya hewa isingekuwa kitu, hakuna ambaye angehangaika kuitobolea tundu. Lakini zilikuwa injini zenye mamia ya farasi, kwenye magari yanayopita kilomita 300 kwa saa.

McLaren F1, gari la barabarani la miaka ya 1990 lenye injini ya BMW ya silinda 12 isiyo na turbo, lilichukulia hewa yake kwenye tundu la juu ya paa. Mwaka 1998 lilifikia kilomita 386 kwa saa. Kwenye mwendo huo upepo huongeza karibu asilimia 7 ya shinikizo, na injini isiyo na turbo huipokea kwa shukrani. Pikipiki nazo ziliingia kwenye mbinu hii ya kutumia upepo na Kawasaki ZX-11 ya mwaka 1990, iliyokuwa na mfereji wa hewa kutoka mbele hadi kwenye kasha lililofungwa. Ile ilikuwa pikipiki ya kabureta, na kabureta ina siri yake: petroli hutoka kwenye bakuli kwa sababu shinikizo la bakuli ni kubwa kuliko la kooni. Ukiongeza shinikizo kooni bila kuliongeza kwenye bakuli kwa kiasi kile kile, petroli inayotoka hupungua, mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi mno, na pistoni huungua. Kijana wa bodaboda anayeondoa kasha la hewa akafunga bomba la kutazama mbele anachezea mizani hiyo hiyo, kwa mwendo ambao haumpi faida yoyote.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Marekani, mwaka 1964. Ford ilitengeneza Fairlane Thunderbolt kwa ajili ya mbio za robo maili. Gari lilikuwa na taa nne za mbele. Waliondoa mbili za ndani, wakaweka matundu mahali pake, na mabomba mawili manene yakapeleka hewa hadi kwenye kabureta za injini ya V8 ya lita saba. Magari yale yalimaliza robo maili yakikaribia kilomita 200 kwa saa, kwa hiyo msukumo wa upepo ulikuwa asilimia moja na kitu mwishoni mwa mbio, na karibu sifuri mwanzoni. Kwa hesabu hiyo, faida kubwa ya mabomba yale haikuweza kuwa msukumo. Ilikuwa ubaridi: hewa haikupitia karibu na injini kabla ya kuingia ndani yake. Chevrolet nao, kwa Camaro Z/28 ya 1967, walitoa kifaa cha kuchukua hewa chini ya kioo cha mbele, kama yalivyofanya magari ya NASCAR. Shinikizo la pale ni zuri, lakini uzuri wake mkubwa ni kwamba hewa hiyo ni ya nje.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lote. Hewa ikipata joto hupanuka, na lita moja ya hewa ya moto ina oksijeni kidogo kuliko lita moja ya hewa baridi. Kila nyuzi tatu za joto huondoa takriban asilimia moja. Siku ya nyuzi 30, gari likiwa kwenye foleni na boneti imefungwa, si ajabu hewa ya karibu na injini kuzidi nyuzi 60. Filta ya koni iliyowekwa wazi humo ndani inapokea hewa yenye oksijeni pungufu kwa asilimia 9. Ili upepo wa mbele ufidie upungufu huo, gari lingelazimika kukimbia zaidi ya kilomita 440 kwa saa. Nguvu inayopotea ni pungufu ya asilimia 9, kwa sababu hewa baridi nayo hupata joto inapogusa kuta za manifoldi na silinda. Hata hivyo injini ya petroli ina hasara ya pili: hewa ya moto huifanya injini igonge, mchanganyiko ukilipuka kabla ya wakati wake, na kompyuta ya gari hujikinga kwa kuchelewesha cheche za plagi, na nguvu hushuka tena.

Mwenye filta kama hiyo hukuambia gari limekuwa jepesi. Anachosikia ni sauti. Kasha la hewa la kiwandani hufyonza mngurumo wa hewa inayoingia, na likiondolewa mngurumo huo hufika masikioni. Masikio huamini.

Niseme na upande wa pili, kwa haki. Gari la petroli likitembea taratibu, hewa yenye joto kidogo humlazimisha dereva afungue throto zaidi, na injini haipotezi nguvu nyingi kwa kuvuta hewa kupitia mwanya mwembamba. Matumizi ya mafuta yanaweza hata kupungua kidogo. Hewa baridi inamlipa anayepanda mlima, anayebeba mzigo, anayepita gari jingine. Kwa injini ya dizeli, hasa zile za zamani zisizo na throto, inalipa wakati wote mzigo unapokuwepo, kwa moshi kidogo na joto dogo la ekzosi.

Tukishuka pwani tunakutana na unyevu. Hewa ya Mombasa, Tanga au Unguja ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 ina mvuke wa maji unaochukua zaidi ya asilimia 3 ya nafasi. Mvuke hauchomi petroli. Unyevu wa pwani peke yake, basi, unaondoa zaidi ya kile ambacho upepo wa kilomita 200 kwa saa ungeleta.

Na tukipanda bara tunakutana na urefu, ambao hauna mpinzani. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la anga huko ni kilopaskali 82 au 83. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake kwa kuhama tu kutoka Mombasa. Timboroa, kwenye njia ya kwenda Eldoret, pana zaidi ya mita 2,700, na robo nzima ya hewa imekwisha kuondoka, na zaidi. Ili upepo wa mbele urudishe Nairobi kile ambacho urefu umechukua, gari lingehitaji kukimbia karibu kilomita 700 kwa saa. Lori la zamani la dizeli lisilo na turbo huonyesha hasara hii kwa macho: pampu inapeleka dizeli ile ile iliyopimiwa pwani, hewa haitoshi, na kisichoungua hutoka kuwa moshi mweusi. Kwenye mbio za kupanda Pikes Peak nchini Marekani, zinazomalizikia mita 4,302, injini za mafuta hufika juu zikiwa zimepungukiwa na zaidi ya theluthi ya hewa. Rekodi ya mlima ule iliwekwa mwaka 2018 na gari la umeme, Volkswagen I.D. R, likiendeshwa na Romain Dumas, kwa dakika 7 na sekunde 57. Mota ya umeme haivuti pumzi.

Turbo ndiyo dawa ya urefu, lakini nayo ina masharti. Ikibana hewa hadi mara mbili ya shinikizo la mdomoni, hasara yoyote iliyo kabla yake huzidishwa mara mbili pia. Filta iliyoziba ikila kilopaskali 5, upande wa pili hukosekana 10, au turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi na kuipasha hewa joto zaidi. Kwenye malori mengi kuna kipimo cha filta kinachoonyesha wekundu hasara inapofika karibu kilopaskali 6.2. Linganisha na paskali 300 za upepo wa kilomita 80 kwa saa: filta chafu inachukua mara 20 ya kile ambacho upepo unaweza kutoa.

Mwone dereva wa lori anayepanda Kitonga, mkoani Iringa, na mzigo kamili kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Upepo wa mbele unampa paskali 18, ambazo hazifai kitu. Injini inadai hewa yote inayoweza kuipata, rejeta inatema joto, feni inavuma, na upepo wa bonde ukitokea nyuma hewa ya moto iliyokwisha kupita kwenye rejeta hurudi mbele na kuvutwa upya. Pale ambapo injini ina shida kubwa zaidi ya hewa ndipo mwendo unapokuwa mdogo zaidi. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa malori huweka mdomo wa bomba juu nyuma ya kabini. Shinikizo la pale si kubwa. Lakini hewa yake iko mbali na joto na mbali na vumbi la tairi, na lori linahitaji hayo kuliko kitu kingine.

Tundu la boneti tunaloliona kwenye Subaru Impreza WRX, au kwenye Toyota Hilux ya dizeli ya lita 3.0, limewapotosha wengi. Halipeleki hewa ndani ya injini. Linapeleka hewa juu ya intakula, ambayo hupoza hewa iliyokwisha kubanwa na turbo, na kazi hiyo ni ya maana sana kwa sababu hewa itokayo kwenye turbo inaweza kuzidi nyuzi 100. Ila hewa haiingii mahali isipopata pa kutokea. Ile ya kupoza hupita kwenye intakula kwa sababu juu yake kuna shinikizo kubwa kuliko chini yake, ndani ya boneti. Ukiondoa mpira unaoziba kati ya boneti na intakula, hewa huchagua njia nyepesi na kuikwepa. Ukiondoa kava la chini ya injini, lile ambalo mafundi wengi hulitupa baada ya kubadilisha oili, njia ya hewa kutoka inabadilika, na si lazima iwe kwa uzuri, kwa sababu kava hilo liliwekwa ili hewa ya moto ivutwe kwenda kwenye shinikizo dogo la uvunguni. Rejeta nayo inaishi kwa kanuni hiyo hiyo.

Kuna vijana wanaoweka washa nene kwenye bawaba ili mgongo wa boneti uinuke na joto litoke. Gari likiwa limesimama, joto hutoka kweli, kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Gari likienda kasi, mwanya huo unakuwa chini ya kioo cha mbele, mahali ambapo shinikizo ni kubwa, na hewa huwa inaingia badala ya kutoka. Inaingia kwenye njia ya hewa iliyotoka kwenye rejeta na kuizuia. Wanaotaka kutoa joto waiangalie sehemu ya boneti iliyo nyuma tu ya ukingo wa mbele, pale ambapo shinikizo ni dogo. Magari mengi ya mashindano yana matundu yake ya kutolea hewa hapo.

Kwetu vumbi na maji vinastahili heshima kuliko msukumo. Toyota Celica zilizoshinda Safari Rally mwanzoni mwa miaka ya 1990, ile ya Juha Kankkunen ya 1993 ikiwemo, zilikuwa na snokeli iliyopanda kando ya kioo cha mbele. Haikuwekwa kwa ajili ya kasi. Iliwekwa ili gari linywe hewa kutoka juu ya wingu la vumbi na juu ya maji ya mito. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, vumbi laini la unga lilikuwa bado adui yule yule. Kwenye Land Cruiser za watalii kuna madereva wanaogeuza kichwa cha snokeli kitazame nyuma wanapofuata gari jingine kwenye vumbi. Wanapoteza paskali chache na wanaokoa filta. Uamuzi huo ni sahihi kabisa.

Kinyume chake ni bomba refu linaloshuka hadi ndani ya bampa kutafuta hewa baridi. Hewa ya pale ni nzuri na shinikizo ni zuri, hadi mvua inyeshe na bonde la Jangwani jijini Dar es Salaam lijae maji. Gari likiingia kwenye maji kwa kasi husukuma wimbi mbele yake, na wimbi hilo hupanda kwenye bampa juu ya kina halisi cha maji. Mdomo ukizama kwa sekunde moja injini hunywa maji, maji hayabaniki, na fimbo za pistoni hupinda. Hasara hiyo ni ya injini nzima.

Atakaye kuhakikisha mwenyewe anaweza. Mpira ule mwembamba unaopitisha mwanga, ambao waashi hutumia kusawazishia kuta kwa maji, ukikunjwa umbo la U na kutiwa maji ya rangi ni kipimo kamili cha shinikizo. Milimita moja ya tofauti kati ya pande mbili ni paskali 10 hivi. Abiria aushike ndani, ncha moja ibaki hapo, nyingine iunganishwe na mpira mrefu unaofika kwenye mdomo wa bomba la hewa au mahali popote pa kupimwa, upitishwe mbali na feni na mikanda na kufungwa imara. Dereva aangalie barabara tu. Kwenye kilomita 100 kwa saa, tofauti kati ya sehemu yenye shinikizo kubwa kuliko zote mbele ya gari na hewa tulivu haitazidi milimita 47 hivi. Shinikizo la ndani ya kabini nalo huwa na mchezo wake, kwa hiyo vioo vyote vifungwe na feni izimwe, na vipimo vilinganishwe kimoja kwa kingine. Kipimo kinachofundisha zaidi huchukuliwa kwenye bomba la baada ya filta, pedeli ikiwa imekanyagwa yote kwenye mlima. Mwenye filta iliyochakaa ataona maji yakiruka kwa mamia ya milimita.

Magari mengi yaliyotumika Japani hufika kwetu yakiwa na bomba jeusi la plastiki linalotoka nyuma ya grili au karibu na taa hadi kwenye kasha la filta. Ni kitu dhaifu. Huvunjika gari linapogongwa kidogo, au fundi huliondoa ili afikie betri na asilirudishe, na gari huendelea kutembea bila taa yoyote ya onyo kuwaka. Tangu siku hiyo injini inavuta hewa iliyopita kwenye rejeta. Fungua boneti leo utazame kama la kwako lipo, kama mdomo wake unafika mbele mahali pa hewa ya nje, na kama kasha la filta linafunga pande zote. Kama halipo, tafuta la gari kama lako kwenye vipuri vilivyotumika, na ubadilishe filta siku hiyo hiyo, kabla hujatoa hata shilingi moja kwa tundu la kubandika.